Pipa Lililo Hai: Barua kutoka Lewes

Lewes, Uingereza
Oktoba

Shangazi,

Uliniagiza nikifika huku niionje pombe yao kama vile wewe ungeionja, kisha nikuandikie ukweli. Nimeionja. Ndugu wengine huko Marangu wataniuliza bei na kama inalewesha. Wewe utauliza imepikwaje na nani kaitunza, kwa hiyo barua hii ni yako.

Lewes ni mji mdogo wa kusini, umebanwa na vilima vya chokaa, na Mto Ouse unaupitia. Ukingoni mwa mto kipo kiwanda cha Harveys, kampuni iliyoanza mwaka 1790. Mnara wake wa matofali ulijengwa miaka ya 1880, na siku ya kupika harufu ya kimea inatanda mpaka darajani. Bia yao kubwa inaitwa Sussex Best, ya aina ambayo Waingereza huiita bita. Kilevi chake ni asilimia 4 tu.

Upishi wenyewe hautakushangaza mwanzoni. Shayiri inaoteshwa, inakaushwa, inasagwa, kisha inalowekwa kwenye maji ya moto mpaka utamu wote utoke. Hapo wanakuwa na togwa, Shangazi, hata kama wao hawalijui jina hilo. Togwa hiyo inachemshwa pamoja na hopsi, maua ya mmea unaotambaa juu ya nguzo na kamba katika mashamba ya Kent na Sussex. Harveys wanachanganya aina nne: Fuggles, Goldings, Progress na Bramling Cross. Kazi ya hopsi ni ile ile ya gome chungu la msesewe kwenye mbege, pombe unayopika wewe, yaani kuukata utamu usimchoshe mnywaji. Tofauti ni kwamba ua hili linaleta na harufu pia.

Chachu yao ndiyo iliyonigusa zaidi. Waliipata mwaka 1957 kutoka kiwanda kimoja cha mji wa Tadcaster, huko kaskazini, na tangu hapo hawajaiacha ife: ya pishi hili inachotwa kuanzishia pishi linalofuata. Oktoba 2000 Mto Ouse ulifurika na kiwanda kikaingia maji. Bia iliyokuwa ndani ya matangi ikaendelea kuchacha peke yake, bila mtu wa kuiangalia. Baadaye waliiuza kwa jina la Ouse Booze, na watu wa mji wakainunua. Ningekuwepo, ningenunua na mimi.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Bia hii haimaliziwi kiwandani. Inatiwa kwenye pipa ikiwa bado na chachu hai, haichemshwi tena kuua vijidudu, na inaendelea kuchacha ikiwa chini ya sakafu ya baa. Mwenye baa ndiye anayelilaza pipa, analitoboa ili gesi ipungue, analiacha litulie mpaka chachu izame, na analinda ubaridi wa chumba kati ya nyuzi 11 na 13. Akilifungua, hewa inaingia. Ana kama siku tatu za kulimaliza kabla bia haijaanza kuharibika. Hakuna gesi ya kuisukuma juu; inavutwa kwa mkono, kwa mpini mrefu ulio kaunta, mvuto mmoja hadi mwingine.

Niliagiza painti, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu lita. Rangi yake ni ya shaba iliyosuguliwa, na ni safi kiasi cha kuona vidole vyangu upande wa pili wa glasi. Povu ni jembamba. Kaskazini hufunga kipande chenye matundu madogo kwenye mdomo wa bomba ili povu liwe zito kama maziwa. Kusini hawafungi, na kwa bia hii naona wana haki, kwa sababu povu zito huichukua harufu ya hopsi na kuiacha juu. Puani nilipata majani makavu, udongo uliolowa, na kwa mbali ganda la chungwa. Mdomoni kimea kinatangulia, kitamu kama ukoko wa mkate. Kisha uchungu unaingia pembeni mwa ulimi, unapanda taratibu, unakausha koo, na unabaki hapo baada ya kumeza. Ukavu huo ndio unaokurudisha kwenye glasi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha bita: uchungu wake ukutake unywe tena.

Wanywaji wa huku wana chama chao, CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971, wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vikiiacha bia ya pipa na kuuza iliyochujwa na kutiwa gesi. Wanachama hutoa alama kuanzia 0 mpaka 5, na hawapimi ustadi wa mpishi bali hali ya bia siku hiyo, katika baa hiyo. Naona ni haki kabisa. Painti yangu ya Lewes nimeipa 4. Sikuipa 5 kwa sababu ilitoka baridi kupita kiasi, na hopsi ilifunguka vizuri glasi ilipofika nusu. Bia hiyo hiyo niliinywa katika baa moja ya mji mwingine, siitaji. Ilikuwa imepooza, ina uchachu wa siki, bila shaka pipa lilikaa wazi muda mrefu. Hiyo nimeipa 1. Mpishi mmoja, chachu moja, alama 4 na 1! Nilikasirika kwa niaba ya waliopika.

Watu wa hapa hukasirika zaidi yangu. Desemba 2006, kampuni iliyomiliki baa ya Lewes Arms, Greene King, iliiondoa bia ya Harveys humo. Wateja waliisusia baa yao wenyewe, wakasimama nje kwenye baridi kuwaeleza wapita njia sababu, mpaka Aprili 2007 bia iliporudishwa.

Uliomba nikuletee. Chupa zipo dukani kwao, lakini bia ya chupa si bia niliyokueleza, na sitaki uihukumu kwa hiyo. Ada ya mwanangu ikishalipwa, tutafute nauli yako. Kutoka London ni mwendo wa treni wa saa moja tu, na baa ya kwanza haiko mbali na stesheni. Utakapoionja, alama utatoa wewe.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao