Mahari ya Pijo: bibi harusi wa Tanga na presha ya oili

Leo nawaletea habari ya mahari, lakini si ya seti ya dhahabu wala ya kitanda cha sita kwa sita. Mtoto wa dada yangu kule Tanga alipoulizwa anataka nini, alijibu: "Nataka injini ya gari la babu itengenezwe, presha ya oili irudi." Bwana harusi ni fundi gereji, mzaliwa wa Pangani. Alikubali palepale huku anacheka. Wazee hawakucheka.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya mwaka 1972, sisi tunaliita Pijo. Marehemu baba yangu alilinunua likiwa limeshatumika, na hakuchoka kutusimulia jinsi Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania, alivyoshinda Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa gari la aina hiyo. Baada ya mirathi, sisi warithi tulikubaliana gari liwe hiba kwa huyu binti, maana ndiye aliyekuwa akimsaidia babu yake kuliosha kila Ijumaa. Nia yake ni kulikodisha kwa maharusi. Harusi za Ngamiani na Chumbageni haziishi, na siku hizi kila mtu anataka picha ndani ya gari la kizamani. Hayo mapato yatakuwa yake mwenyewe.

Ugonjwa wa gari ulikuwa huu. Ukiliwasha asubuhi, taa nyekundu ya oili inazima vizuri. Ukizunguka mjini nusu saa injini ikapata moto, kila ukisimama taa inaanza kukonyeza. Ukikanyaga mafuta, inazima tena.

Niwaeleze kidogo, maana mimi nilieleweshwa nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale gereji. Chini ya injini kuna sampu, karai la chuma linaloshika oili. Pampu inaivuta oili kupitia chujio la waya, kisha inaisukuma kwenye vijia vyembamba mpaka kwenye beringi, vile vipande laini vinavyoishika shafti kubwa inayozunguka. Injini inapozunguka, shafti haitakiwi kugusana na beringi. Inaelea juu ya utando wa oili. Presha ikishuka, utando unakatika, chuma kinakutana na chuma, na dakika chache zinatosha kuua injini iliyodumu miaka 50.

Kaka yangu mkubwa alikuja na dawa yake: "Mwageni oili nzito, taa itazima, harusi ipite." Na kweli ingezima. Oili nzito haivuji upesi kwenye nafasi zilizolika, kwa hiyo presha inapanda. Lakini ile nafasi inabaki palepale, na asubuhi, injini ikiwa baridi, oili nzito inachelewa kufika juu.

Aliyetuzuia hasa ni sheikh. Alituambia kazi inaweza kuwa mahari. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, manfaa kama kufundisha Qur'ani au kushona nguo yanakubalika. Sharti ni kwamba yajulikane. "Kutengeneza gari" si jambo linalojulikana. Pengine ni kubadilisha swichi ya taa kwa shilingi elfu kadhaa, pengine ni kununua injini nzima. Mahari ikitajwa bila kujulikana, ndoa inasihi, lakini kile kilichotajwa kinaanguka na mke anastahili mahari ya mfano, yaani kama ya wanawake wa ukoo wake walio sawa naye. Dada zangu, hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na anayeumia mara nyingi ni mke.

Dada yangu alikuwa na hofu nyingine kabisa. "Watu watasema nimemwoza mwanangu kwa gari bovu," akasema, machozi yanamlengalenga. Binti akamjibu kwa upole, "Mama, basi lifunguliwe kabla ya nikaha, si baada." Nilimpenda kwa jibu lile. Wangapi kati yetu tumeambiwa tunyamaze, mambo yatajulikana mbele ya safari?

Basi tukaenda gereji, mimi, dada na binti. "Shikamoo mama," bwana harusi akaniamkia, mikono imejaa grisi. "Marahaba mwanangu, anza kazi."

Alianza na vya bure. Alichomoa stiki ya oili: kiwango sawa. Akanusa. Gari hili lina pampu ya petroli inayoendeshwa na injini, na mpira wake wa ndani ukitoboka, petroli inadondokea kwenye oili na kuifanya nyepesi. Haikunuka petroli. Kisha akasema taa ile inaongozwa na swichi tu, na swichi huongopa. Akaifungua, mahali pake akafunga geji ya mshale. Injini baridi ilisoma paundi 50. Tukaendesha mpaka Tongoni na kurudi, jua la saa saba, bila kiyoyozi. Injini ikiwa moto, gari limesimama, geji ikasoma paundi 5. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika ikasoma 20. Mafundi wana kipimo cha kukadiria kwa injini nyingi za zamani: paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kumbe taa ilikuwa inasema kweli.

Siku ya pili sampu ilishushwa, na hapo nikaona mengi. Chujio la waya lilikuwa limezibwa karibu nusu na tope jeusi na vipande vya silikoni. Vali inayopunguza presha ina springi ndani yake, na nyuma ya springi tulikuta washa, imewekwa na fundi fulani wa zamani ili kuibana presha ipande kwa hila. Halafu beringi za konrodi: rangi yake ya fedha ilikuwa imefutika, shaba inaonekana. Alizipima kwa uzi mwembamba wa plastiki. Unaulaza juu ya shafti, unafunga kifuniko kwa nguvu yake kamili, unafungua, halafu unapima ulivyobapatika. Nafasi ilikuwa milimita 0.11. Yeye alitaka iwe karibu na 0.05. Shafti yenyewe, alhamdulillah, haikuwa na mikwaruzo na ilikuwa bado duara, kwa hiyo haikuhitaji kupelekwa kuchongwa. Hiyo peke yake ilipunguza gharama sana.

Sasa kazi ikawa inajulikana. Binti aliiandika ukurasa mmoja wa daftari: beringi mpya za konrodi na beringi kuu, gia mpya za pampu ya oili, chujio kusafishwa, washa kutolewa, gasketi, oili ya 20W-50, na presha ikiwa moto isipungue paundi 25 kwa mizunguko 2,500. Muda miezi mitatu, na thamani yake kwa shilingi chini. Sheikh aliusoma wote, akauliza, "Konrodi ni kitu gani?" Akaonyeshwa ya zamani, akaigeuzageuza mkononi, akasema sawa.

Siku ya nikaha mahari ilisomwa msikitini kama ilivyoandikwa, iwe ya kuakhirishwa. Nasikia safu za nyuma walikuwa wanasukumana kwa viwiko. Bibi harusi wetu alipanda Noah ya kukodi, kanzu yake ya dhahabu na hina imekolea mpaka kwenye viwiko, masha'Allah.

Vipuri vilitoka Mombasa kupitia Horohoro, vikachelewa wiki mbili. Injini ilifungwa mwezi wa pili wa ndoa. Binti alikwenda Pangani na kurudi yeye mwenyewe kwenye usukani, akasimama mlangoni kwa mama yake bila kuzima gari, akasoma geji: paundi 14 limesimama, 36 kwa mizunguko 2,500. Akaandika tarehe na kusaini kwamba mahari yake ameipokea.

Bado linadondosha oili kidogo pale nyuma ya injini. Hilo halikuwemo kwenye ukurasa, kwa hiyo amesema atalilipia mwenyewe kwa pesa ya harusi ya kwanza atakayoikodishia.