Kompyuta Ilipotoka Sebuleni

Kompyuta ya kwanza ya nyumbani kwetu ililetwa na mjomba kutoka Dubai, mtumba, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tulikuwa tukikaa Ngamiani, Tanga. Kioo chake kilikuwa na kisogo kirefu kilichomeza nusu ya meza, na mama aliifumia kitambaa cha kuifunika, maana mjomba alituambia adui wa kompyuta ni vumbi. Kwa wakati ule alikuwa sahihi. Haikuwa na intaneti, na wezi wa mtaani hawakuwa na shida na kitu kizito namna ile.

Iliwekwa sebuleni, kati ya televisheni na kabati la vyombo, kwa sababu soketi nzima ilikuwa huko, na kwa sababu kitu cha thamani huwekwa wageni wanapokiona. Usalama haukumjia mtu akilini. Lakini nikikumbuka sasa, naona mahali pale palitukinga kuliko programu yoyote niliyokuja kuiweka baadaye. Ukikaa mbele ya kioo, nyuma yako yupo baba anasikiliza taarifa ya habari, yupo mama anachambua mchele, na mara nyingi yupo jirani aliyepita tu kusalimia akasahau kuondoka. Hukuweza kufungua jambo usilotaka kuulizwa.

Mei 2000 dunia ilikuwa imetikiswa na ILOVEYOU, ile vairasi iliyotoka Ufilipino ikisafiri ndani ya barua pepe kwa sura ya barua ya mapenzi. Sisi tulisoma habari zake magazetini tu. Vairasi za kwetu zilikuja kwa miguu, zimo ndani ya mfuko wa shati. Unakwenda duka la steshenari kuchapa kazi ya chuo, unachomeka flashi yako kwenye kompyuta iliyokwishachomekwa flashi za mji mzima tangu asubuhi, unalipa, unarudi nyumbani. Ukiifungua, mafolda yako yote yamegeuka njia za mkato, au limezaliwa folda jipya usilolijua. Ukilibonyeza tu, basi, umeikaribisha ndani mwenyewe.

Ilinichukua muda kuelewa ujanja wake. Windows XP ilikuwa na ukarimu wa kupita kiasi: ukichomeka flashi, inatafuta faili dogo liitwalo autorun.inf na inafuata maagizo yake. Mwandishi wa vairasi analiandika faili hilo, analificha folda lako la kweli, kisha analiweka lake lenye jina lile lile na picha ile ile ya folda la njano. Mwenye macho ya kawaida hawezi kutofautisha. Conficker, iliyojitokeza Novemba 2008, ilitumia njia hiyo pamoja na tundu jingine la kwenye mtandao ambalo Microsoft walikuwa wamekwisha kuliziba mwezi mmoja kabla. Lakini kiraka kile kingetufikiaje? Windows yetu ilitoka kwenye sidii ya kunakiliwa iliyouzwa barabarani pamoja na filamu za Kihindi, na kompyuta yenyewe ilikuwa haijawahi kugusa intaneti.

Basi nikawa fundi wa mtaa. Watu waliniletea flashi zao zimefungwa kwenye leso. Nilikuwa na amri moja niliyoikariri, attrib, ambayo ukiiandika na vibwagizo vyake kwenye kile kidirisha cheusi, mafolda yaliyofichwa yanarudi yakionekana, na mwenye flashi anashusha pumzi kana kwamba nimemfufulia mtu. Malipo yalikuwa soda. Antivairasi tulikuwa nayo, ila ilihitaji chakula kipya kila wiki, na chakula hicho kilipatikana kwenye intaneti kafe mjini. Tulikipakua huko, tukakibeba kwenye flashi hiyo hiyo. Dawa tuliifuata kwa chombo kile kile kilichotuletea ugonjwa.

Kulikuwa na antivairasi moja ya Kirusi, waliokuwa na kompyuta enzi zile wataijua bila mimi kuitaja, ambayo ikikamata vairasi ilikuwa inalia mlio wa nguruwe anayechinjwa. Si mfano, ndio mlio wenyewe waliouweka watengenezaji. Uliwahi kulia magharibi, baba akiwa kwenye mswala. Alimaliza sala yake, akakunja mswala polepole, akaniuliza nina mnyama gani ndani ya nyumba. Kuanzia hapo spika zilichomolewa, na vairasi wakawa wanakamatwa kimya kimya.

Kafe nazo zilikuwa na hatari zake, ingawa tulizicheka zaidi kuliko kuziogopa. Tulilipia kwa nusu saa, na dakika zikiisha skrini inajifunga kabla hujatoka kwenye barua pepe yako. Anayekaa baada yako anakuta Yahoo yako iko wazi. Kijana mmoja wa barabara ya jirani barua zake za uchumba zilisomwa na wateja wote wa kafe, hata wakamsaidia kumalizia ile ya mwisho. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja hatari ingetokea upande wa pili, kwenye maghala ya kampuni zenyewe. Mwaka 2017 Yahoo walikiri kwamba wizi wa mwaka 2013 uligusa akaunti zao zote, bilioni 3. Akaunti yangu ya kafe bila shaka imo humo, na neno la siri lililokuwa jina la timu yangu ya mpira na mwaka wangu wa kuzaliwa.

Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulizinduliwa, Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa vituo vyake, na kidogo kidogo modemu za kuchomeka zikaingia majumbani. Antivairasi ikaanza kujilisha yenyewe. Februari 2011 Microsoft walisambaza sasisho lililoifundisha XP kuacha kutii flashi za wageni, na wateja wangu wa leso wakapungua. Aprili 2014 XP yenyewe ikaachwa rasmi. WannaCry ilipofunga kompyuta za hospitali huko Uingereza mwezi Mei 2017 na kudai fidia, nilikuwa tayari nimezoea kuwaambia watu weka masasisho, hifadhi nakala ya mafaili mahali pengine. Lakini nani alikuwa akinisikiliza? Kompyuta ya sebuleni ilikuwa imegeuka meza ya kuwekea chaja. Kila mtu alikuwa na kioo chake mkononi, anakitazama amekiegemeza kifuani, na mgongoni mwake pana ukuta.

M-Pesa ilikuwa imeingia Tanzania mwaka 2008, zikafuata nyingine. Ghafla simu ikawa pochi, na pochi huwa ina mwizi wake. Walipoanza wale wa "tuma kwa namba hii", niliwadharau. Ujumbe mfupi usio na salamu: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Nani mjinga wa kutuma? Nilikuwa sijaelewa hesabu yake. Ujumbe ule haukuandikwa kwa ajili yangu. Unatupwa kwa watu wengi mno, na miongoni mwao lazima awepo mmoja ambaye dakika ile ile anasubiri kweli kuelekezwa pa kutuma kodi ya nyumba, au ada, au pesa ya mifuko ya saruji. Mdogo wangu, mhasibu mwenye shahada, alikuwa amekubaliana na muuza kiwanja. Ujumbe ukaingia. Akatuma. Jina lilipokuja tofauti alijiambia labda ni la mkewe. Hakukuwa na vairasi hapo, wala faili lililofichwa, wala amri ya kuandika kwenye kidirisha cheusi. Utaalamu wangu wote ulikuwa hauna pa kushika.

Aliyekuwa na utaalamu alikuwa mama. Mama hakuwahi kuigusa ile kompyuta isipokuwa kuifunika. Lakini aliuza kanga sokoni kwa miaka mingi, na alikwisha kuwaona wauza dhahabu bandia, wapigaji karata tatu, na wale wanaookota bahasha ya noti mbele yako wakitaka mgawane. Siku moja alipigiwa simu akaiweka sauti ya juu, nami nikiwa pale.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka makao makuu ya mtandao wako."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umeshakula?"

Kijana akababaika kidogo. Akasema laini ya mama inafungwa ndani ya dakika tano, abonyeze namba atakazotajiwa.

"Usihangaike baba. Kesho nitakwenda mwenyewe dukani kwenu, wanifungulie."

"Mama, kesho itakuwa imeshachelewa!"

"Basi ifungwe. Mimi nitapumzika na simu."

Akakata yule. Nilipomuuliza mama amejuaje, alinishangaa. Alisema muuza dhahabu ya shaba hakupi hata siku moja nafasi ya kwenda nyumbani kuuliza. Mengine yote, alisema, anaweza kuyaiga: mavazi, heshima, hata machozi. Kungoja ndiko hakuwezi. Nimesoma maandishi mengi ya wataalamu wa usalama tangu hapo, na sijakuta kilichonifaa zaidi.

Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA ulipoanza Mei 2019, tulitumaini mambo yatakwisha. Tarehe ya mwisho ilisogezwa kutoka Desemba hadi 20 Januari 2020, watu wakapanga foleni juani. Ujumbe wa "tuma kwa namba hii" haukukoma. Sababu mojawapo tuliigundua nyumbani kwetu wenyewe, tulipokaa tukabonyeza *106# kila mmoja kwenye simu yake kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Shangazi alikuta namba asiyoijua. Akakumbuka kijana msajili wa laini, yule wa chini ya mwavuli, aliyemwambia kidole hakijasoma vizuri, weka tena mama, weka na cha pili. Namba ile tuliikataa ikafungwa. Na ujumbe wa kitapeli siku hizi hatuufuti kabla ya kuipeleka namba yake 15040, ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hupokea taarifa hizo.

Kilichonitisha zaidi ya yote, hata hivyo, kilikuwa programu za mikopo. Unaipakua, inaomba ruhusa ya kuona orodha ya majina kwenye simu, unakubali bila kusoma kwa sababu shida haikuachi ukasoma. Ukichelewa kulipa, orodha nzima inapelekewa ujumbe wa kukuumbua. Niliupokea mmoja kuhusu binamu ambaye tulionana mara ya mwisho harusini. Simu yangu ilikuwa na kila kinga niijuayo, na bado namba yangu ilivuja kupitia mlango wa mtu mwingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tulikuwa nayo tangu 2022. Kwa binamu yangu, ukoo ulikuwa umeshasoma. Zamani nikiilinda kompyuta moja, nyumba nzima imelindwa. Sasa nyumba ina matundu kwa idadi ya simu zake, na ya jamaa zake wa mbali pia.

Kwa hiyo mambo tunayofanya siku hizi ni ya mazungumzo kuliko ya mashine. Watoto usiku simu zao zinalala sebuleni, amri ya mama hiyo, si yangu, nao wanalalamika. Kwenye WhatsApp kila mmoja amewekewa ile namba ya siri ya hatua ya pili, kwa sababu jirani yetu alipoteza akaunti yake kwa kumtumia "rafiki" tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake "kwa makosa". Tarakimu zile ndizo ufunguo wa akaunti. Rafiki mwenyewe alikuwa ameshaibiwa yake, na aliyekuwa akiandika ni mwizi. Na tangu tuliposikia kwamba hata sauti ya mtu inaweza kuigwa na kompyuta, tuna swali la nyumbani. Anayeomba pesa kwa namba ngeni anaulizwa jambo ambalo halijawahi kuandikwa popote, linamhusu marehemu babu na mbuzi wake. Zaidi ya hapo sisemi.

Swali hilo limeshafanya kazi mara moja. Mtoto wa dada yangu anasoma Dodoma. Aliibiwa simu stendi, akaazima ya mwenzake, akampigia bibi yake kuomba nauli. Sauti ilikuwa yake, kilio kilikuwa chake. Mama akamuuliza swali. Kijana, kwa hofu na njaa, akamtaja mbuzi mwingine.

"Basi mjukuu wangu," mama akamwambia, "kama ni wewe kweli, nenda kwa shangazi yako hapo hapo Dodoma. Nitampigia sasa hivi. Nauli utaipokea mkononi mwake."

Alikuwa ni yeye kweli. Alitembea kwa miguu mpaka kwa shangazi yake, akala, akapewa nauli. Amenuna mpaka leo, anasema bibi alimkana. Mama hajaomba radhi, na juzi alimwambia akija likizo akae naye amfundishe vizuri majina ya mbuzi.