Huku, Pale na Mle: Safari ya Jangwani katika Sharqiya ya Omani

Sarufi za Kiswahili hufundisha kwamba viambishi vya mahali ni vitatu: PA- kwa mahali dhahiri, KU- kwa mahali pasipo dhahiri, na MU- kwa mahali pa ndani. Wanafunzi wetu huikariri kanuni hiyo katika mwaka wa kwanza na aghalabu huisahau kabla ya kuhitimu. Insha hii inakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo huweza kubeba historia nzima ya maisha ya mtu. Ushahidi wake niliupata njiani, katika safari ya mapumziko niliyoifanya na mke wangu mwezi wa Desemba 2022, kutoka Maskati hadi Sur kwa njia ya jangwani.

Wenyeji wetu walikuwa mama mdogo wa mke wangu, mwanawe aliyeendesha gari, na mjukuu wake wa miaka tisa. Mama huyo alizaliwa Malindi ya Unguja. Aliondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, akiwa msichana wa miaka 18, akafika Omani baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nchi za nje. Watu wa kundi lake huelezwa kwa kawaida kuwa ni watu "waliorejea". Hata hivyo, wengi wao walikuwa hawajapata kuiona Omani, na kitenzi rejea humdai mtendaji awe aliwahi kuwapo. Kwa muda wa siku nne tulizokuwa pamoja, mama hakukitumia kitenzi hicho kujielezea. Alisema tu: "Nilitoka kwetu nikaja kwetu." Kisarufi, sentensi hiyo haina kasoro.

Nasi tulikuwa na ujumbe. Mama mzazi wa mke wangu, ambaye ni dada yake mkubwa, yungali Unguja. Umri umekwenda na macho yamepungua nguvu. Alitutuma tumwombe mdogo wake aje, japo mara moja, waonane.

Siku ya kwanza tulipita Ibra, mji wa mashamba ya mitende na majumba ya udongo yaliyoachwa. Jina la eneo hilo, Sharqiya, lina mzizi mmoja na neno letu mashariki. Kutoka huko zilitoka koo nyingi zilizohamia Afrika Mashariki, Al-Harthi zikiwa miongoni mwake, hasa baada ya Seyyid Said kuyahamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Dola hiyo iligawanywa mwaka 1861, lakini ndoa, madeni na barua viliendelea kuvuka bahari. Hata neno mahali tulilipata kwa Waarabu, kisha tukalitia katika upatanisho wa Kibantu, tukasema mahali hapa pazuri. Asili yake ni ng'ambo, nayo sarufi yake ni ya kwetu. Nilipomweleza mama jambo hilo alicheka, akasema kwamba basi yeye na neno hilo ni ndugu.

Alasiri tulifika Bidiyya, ukingoni mwa jangwa liitwalo Mchanga wa Wahiba, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 12,500. Shemeji alipunguza upepo wa magurudumu ili gari lisizame, tukapanda na kushuka vilima vya mchanga hadi jua lilipotua. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa sikio la kazi. "Huku mchanga tu," alisema mama, "ukigeuka hukujui ulikotoka." Kila alipotaja Unguja alisema pale: pale Malindi, pale penye msikiti, pale tulipokuwa tukinunua urojo. Baada ya nusu karne na zaidi, nchi anamoishi ilikuwa bado KU-, na nchi aliyoiacha ilikuwa bado PA-.

Usiku, tulipokuwa tukinywa kahawa, mke wangu aliufikisha ujumbe. Mama alinyamaza kitambo. "Dada yangu nampenda," akasema, "lakini pale ninapopajua mimi hapapo tena." Mke wangu hakubishana naye. Alimwomba amzungumzie dada yake katika kinasa sauti, naye akazungumza kwa muda wa saa nzima.

Mjukuu alisikiliza yote na kufahamu mengi, ila alijibu kwa Kiarabu. Kiswahili chake kilikuwa shikamoo, mandazi, na maneno ya kukemewa. Mara chache alipojaribu, alisema mahali hii. Upatanisho huo husikika pia Kongo na katika bara ya Kenya, hivyo sitauita kosa. Lakini kwa mtoto huyu sababu yake ni nyingine: hakuna mtu wa rika lake anayezungumza naye Kiswahili.

Huko Sur tulitazama jahazi la Fatah al-Khair, ghanja iliyoundwa mjini humo mwaka 1951 na ambayo sasa imehifadhiwa nchi kavu. Majahazi ya namna hiyo yalikwenda pwani yetu kwa kaskazi na kurudi Arabuni kwa kusi. Mama aliligusa ubavuni, akamwonyesha mjukuu omo na tezi, kisha akamtolea methali: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtoto akauliza kwa Kiarabu ngama ni nini. Mama akaelekeza kidole tumboni mwa chombo, mahali pa chini kabisa yanapokusanyika maji. "Mle?" akauliza mtoto. "Mle," akajibu bibi yake.

Sitaki kuijenga hoja kubwa juu ya neno moja la mtoto. Mama hajaja Unguja hadi leo, na wito bado upo. Hata hivyo, jambo moja ni dhahiri. Tafiti kuhusu Waomani wanaozungumza Kiswahili zimejishughulisha zaidi na siasa, koo na uraia, ilhali sarufi yao haijachunguzwa vya kutosha. Wazee walioondoka wakiwa watu wazima wanapungua kila mwaka, nao ndio wanaojua tofauti ya kule na pale kwa kuiishi. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada na aende akawasikilize mapema.