Unachora au Unapaka Geti?

Wasee, kuna swali ambalo kila mtu wa sanaa huku Gusii ameulizwa: "Na hivyo vifaa utatoa wapi?" Mimi nimeulizwa na mama, nimeulizwa na shangazi, hata msee wa boda pale stejini Masimba ameniuliza. Tangu niache chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, linakuja kila wiki. Na si swali la kijinga. Pakiti moja ya rangi za akriliki Nairobi inaweza kumeza pesa yote ambayo mama anapata kwa kuchuma majani chai wiki nzima.

Kwa hivyo nilipopata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, bahari ilingoja. Nilitaka kwanza kujua wachoraji wa Tingatinga wananunua wapi vitu vyao. Wako Oysterbay, pale Morogoro Stores. Nikamuuliza mmoja wao duka la vifaa vya sanaa liko wapi. Akacheka, akanielekeza hadiwea.

Hadiwea kabisa! Misumari, vitasa, gundi, halafu rafu ya rangi za mafuta, zile za kupaka milango na mageti. Huko husemi "nipe", unasema "naomba". Nikaomba kopo dogo jekundu. Muuzaji akaniuliza, "Unachora au unapaka geti, kaka?" Aliuliza kawaida tu, kama vile zote mbili ni kazi. Manze, hilo lilinigusa. Huku kwetu sijawahi kuulizwa hivyo.

Historia yake ni hii. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar mwaka wa 1968. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta, vitu vya bei nafuu vya dukani. Mwaka wa 1972 polisi walimpiga risasi akafa. Miaka minne tu ya kuchora. Lakini alikuwa amefundisha jamaa zake, nao wakafundisha wengine, na mtindo mzima unaitwa kwa jina lake hadi leo. Ule mng'ao unaouona kwenye chui na ndege wao ni mng'ao wa rangi ya mlango.

Sasa, sikwambii "tumia ulicho nacho" halafu niishie hapo. Hayo ni maneno ya mabango. Rangi ya mafuta inanuka, ukifunga dirisha kichwa kitauma, na lazima ungoje ikauke ndio uongeze nyingine juu. Hadibodi pia si ya bure. Ninachosema ni kwamba duka hufuata wateja. Yule muuzaji anawajua wachoraji kwa sababu wachoraji wanaingia kwake kila mara, wengi.

Na sisi si maskini wa vifaa. Kule Tabaka watu wanachimba jiwe laini papo hapo, wanalichonga kwa panga na kisu, wanalisugua kwa msasa na maji. Ujerumani, jiwe la aina hiyo linauzwa vipande vipande kwenye maduka ya vifaa vya sanaa, watoto wajifunzie kuchonga. Mtoto wa huku naye anatumwa na shule akanunue pakiti ya plastisini, na mzazi anakopa.

Ombi langu ni dogo. Kama unachora na uko Masimba, Keroka ama Nyamira, tuchague hadiwea moja tuingie kama kikundi. Tuombe makopo madogo na hadibodi iliyokatwa saizi yetu. Mwenye duka akiona tunarudi kila mwezi, ataagiza. Nimeshaongea na mmoja Keroka. Ameniambia, "Kijana, leta watu kumi, nami nitaleta mzigo."

Mpaka sasa tuko wanne. Nani wa tano?