Nonga Ni Wetu

Jumapili, 5 Mei 2019. Kilolo

Baridi imeanza kung'ata. Kesho mpira Uwanja wa Samora. Duka nimemwachia wifi, na chenji nimemhesabia kabisa asije akanisumbua kwa simu mpira ukiendelea.

Jioni nimempelekea baba uji. Kamwene, baba. Kamwene. Hata kijiko hajashika: "Hao Lipuli wenu kesho wanakula ngapi?"

Wenu! Nani kazaliwa Iringa, mimi peke yangu? Nikamkumbusha Machi, Lipuli walivyotufunga Yanga moja bila hapo hapo Samora, bao la Shamte. Akaongeza sauti ya redio.

Nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Lipuli na Yanga. Nimelelewa Yanga nyumba hii, kalenda ya Yanga ukutani tangu sijui kusoma. Kesho sijui nitakaa upande gani. Nitavaa sweta la kahawia. Kahawia si ya mtu.

Jumatatu, 6 Mei, usiku

Sauti imekauka. Mbili bila. MBILI BILA! Mabao ya Nonga na Saliboko. Yanga hawa hawa, wa kocha Zahera, wanatoka Samora vichwa chini na sisi tunakwenda fainali.

Niandike kabla sijalala. Watu hadi juu ya kuta. Kijani na njano zimejaa kuliko nilivyotegemea, na wengi si wageni kutoka Dar, ni wanyalukolo wenzangu. Kuna wauza nyanya wa Ilula nawajua kwa sura. Kila mmoja ana timu mbili, na leo zimegongana. Mama wa karanga yeye alikuwa anawauzia wote kwa furaha moja, labda ndiye pekee aliyekuwa na amani.

Jirani yangu pale, mtu mzima, jezi ya Yanga ndani ya koti. Bao la kwanza lilipoingia akavuta zipu polepole hadi kidevuni, njano yote ikapotea. La pili akapiga makofi. Mawili tu, kisha akatia mikono mfukoni na kuangalia huku na huku kama kuna aliyemwona. Nilimwona, kaka.

Mimi je? Nilikuwa nimeshasimama, napiga kelele, hata sijajiuliza. Sikuchagua. Mdomo ulichagua.

Kurudi, Noah kutoka Ipogolo, tumebanana, tope njia nzima. Tunaimba jina la utani la Lipuli: Wanapaluhengo! Wanapaluhengo! Dereva mwenyewe Yanga, kanuna, ila nauli kachukua.

Jumanne, 7 Mei

Baba yuko barazani, kajifunga mgolole, redio kaizima. Mwaka huu kawachangia Yanga kwa simu, Zahera alipowaomba mashabiki, yeye anayelalamikia bei ya sukari. Nikajua leo nisicheke.

Kimya. Nikafagia uwanja wote. Kimya. Halafu:

"Huyo Nonga ni wetu."

"Wetu nani, baba?"

"Yanga. Alipita kwetu. Kufunga tulimfundisha sisi."

Nikaenda jikoni kucheka. Kwa hiyo Yanga imefungwa na Yanga! Na Matola? Nahodha wa zamani wa Simba ndiye kocha wa Lipuli aliyetutoa. Hilo baba hataki kulisikia kabisa, maana kupigwa na Lipuli kunavumilika, kupigwa na mtu wa Simba aliyejificha Iringa ni jambo jingine.

Jumatano, 22 Mei

Fainali Lindi, Uwanja wa Ilulu, na Azam. Lindi! Nimepiga hesabu ya nauli kwenda na kurudi, nikafunga daftari la hesabu. Wifi anasema niuze kuku. Kuku gani, hawa watatu?

Jumamosi, 1 Juni

Kibanda umiza, mia tano mlangoni. Nimewahi benchi la mbele. Kugeuka, naona mgolole unainama kupita mlangoni. Baba! Tangu lini baba anaingia kibanda umiza? Vijana wakampisha, shikamoo zikapishana, akakaa karibu yangu bila kusema neno. Akanipa kisamvu cha kupeleka nyumbani, eti alikuwa anapita tu.

Moja bila. Azam. Chirwa, kipindi cha pili. Tulishikilia hadi nikaanza kuota ndege, Lipuli wanacheza Afrika, mtangazaji wa nchi nyingine anahangaika kutamka jina letu. Kisha Chirwa.

Kibanda kimya. Na baba, kwa sauti ya chini, kama anayetaja mkosi wa ukoo: "Huyo naye alipita Yanga."

Watu wakaangua kicheko, hata waliokuwa karibu kulia. Nimelia kidogo njiani. Baba kasema ni vumbi, nikamkubalia.

Ila kitu kimoja. Chirwa alipofunga, baba alisema "wametufunga". Nimesikia vizuri. Sikumuuliza.

Jumatatu, 27 Julai 2020

Lipuli imeshuka daraja. Miaka mitatu tu ya Ligi Kuu, basi. Matola yuko Simba, msaidizi wa kocha, na baba anasema aliyajua haya tangu mwanzo. Dukani wateja wa Simba hawana huruma, leo nimewauzia chumvi bila kuwaangalia.

Usiku huu baba kaniita. Nikadhani miguu inamsumbua tena. Kumbe anauliza kama Daraja la Kwanza nalo linaonyeshwa kwenye king'amuzi, na kifurushi ni shilingi ngapi.