Kwihara: Moyo Ukisimama Njiani

Ukitoka Tabora mjini kwenda Kwihara unapita penye miembe mikubwa ya zamani. Wazee husema ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Katika karne ya 19 hii ilikuwa njia kuu ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, karibu kilomita 1,200. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kilo 30 na zaidi. Walipokwenda bara walibeba nguo na shanga. Walipokwenda pwani walibeba pembe za ndovu. Mbele alitangulia kiongozi, aliyeitwa kirangozi. Ngoma ilipigwa, watu wakaenda. Ngoma hiyo tutairudia.

Pale Kwihara ipo tembe yenye kuta nene za udongo. Siku hizi ni makumbusho. Mwezi Februari 1872 Dakta David Livingstone alifika hapa pamoja na Henry Morton Stanley, wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka mwezi Machi kwenda pwani. Livingstone alikaa hadi Agosti, akingoja wapagazi wapya.

Livingstone alikuwa tabibu. Lakini mwaka 1867 watu wawili wa msafara wake walitoroka na sanduku lake la dawa. Tabibu akabaki njiani bila dawa! Alifariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake, akina Susi na Chuma, walizika moyo wake huko chini ya mti. Mwili waliukausha, wakaubeba mpaka Bagamoyo. Walipita hapa hapa Unyanyembe.

Ndugu msomaji, hata leo vijiji vingi vya Tabora viko mbali na sanduku la dawa. Hospitali ya Mkoa ya Kitete iko mjini. Mtu wa ndani ya Sikonge au Urambo ana safari ndefu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko mbali zaidi, Dar es Salaam. Na moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 au 5 hivi. Hakuna gari la kuwahi hapo.

Basi nani atawahi? Ni yule aliye karibu. Zamani za misafara jambo hili halikujulikana. Mwaka 1960 wataalamu wa Baltimore, Marekani, waliandika kwamba mikono miwili inaweza kusukuma damu ya mtu ambaye moyo wake umesimama. Haihitaji sanduku.

Mtu mzima akianguka ghafla, mwite na umtikise mabega. Haitiki? Tazama kifua chake. Kama anapumua vizuri, mlaze kwa ubavu na umwangalie. Kama hapumui, anza kazi. Kama anahema mara moja moja, kama samaki aliyetolewa majini, huko si kupumua. Anza kazi. Mtume mwenzako apige simu na kutafuta gari. Usimmwagie maji wala kumnywesha kitu.

Mlaze chali chini, si kitandani. Piga magoti ubavuni kwake. Weka kiganja cha mkono mmoja katikati ya kifua, na mkono wa pili juu yake. Nyosha viwiko. Kandamiza kwa uzito wa mwili wako, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6. Kisha kiache kipande chote, ukandamize tena. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Utahesabuje bila saa? Hapa ndipo tunaporudi kwenye ngoma. Mwendo huo ni kama hatua za mtu anayetembea upesi, karibu hatua 2 kwa sekunde. Unyamwezi haukosi nyimbo za safari na za kulima. Chagua wimbo wa mwendo huo, uuimbe.

Kazi hii inachosha kuliko kutwanga. Kila dakika 2 mpokezane. Huenda ubavu ukavunjika. Usiache kwa sababu hiyo, ubavu huunga. Acha akianza kupumua au kujitikisa, au mganga akikupokea, au nguvu zikikuishia. Si kila mtu atapona. Lakini asiposaidiwa, atakufa.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapendi kulisema. Mwanamume ataona haya kumgusa mama mkwe kifuani. Haya hiyo ni ya heshima, tunaielewa. Kama yupo mwanamke anayejua kazi, aanze yeye. Kama hayupo, usingoje.

Mara nyingine moyo hutoa habari mapema. Kifua hubana kama kimewekewa jiwe. Maumivu huenda mkononi, shingoni au kwenye taya. Jasho jembamba humtoka, na pumzi humpungukia. Mtu huyo bado anaongea. Mketishe, mlegezee nguo, mtafutie gari. Asitembee wala kuendesha baiskeli kwenda zahanati.

Kwa mtu aliyezama majini, na kwa mtoto, kuna namna ya kupuliza pumzi pia. Hiyo yafaa ufundishwe na mtu anayeijua. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hufundisha huduma ya kwanza. Mwombeni pia mganga wa zahanati yenu aje kwenye mkutano wa kijiji.

Usijifunze kwa kukandamiza kifua cha mtu mzima wa afya. Gunia la pumba linatosha. Mmoja apige ngoma, wa pili akandamize, wa tatu ahesabu kwa saa.