Jazi na Asili ya Wapigaji Wake

Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki mgeni huulizwa kwao kabla ya kuulizwa jina lake. Swali hili si la utovu wa adabu. Anayeuliza hutaka kujua amwamkie mgeni kwa salamu gani na aseme naye kwa lugha gani. Bendi za jazi zilikuwa na desturi ya kulijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Zilijiita Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Kilwa Jazz, na majina hayo yaliandikwa kwa rangi juu ya ngoma kubwa ili kila aingiaye ukumbini ayaone. Walakini jina lililo juu ya ngoma ni jambo moja, na asili ya mikono inayoipiga ni jambo jingine. Aliyeyachukua majina hayo kuwa ndiyo asili ya muziki alijua nyumba bila ya kuwajua wakaaji wake.

Pengine hapana mahali panapofaa zaidi kwa kulitazama jambo hili kuliko Singida. Katika majina ya miji yaliyovuma na bendi hizo, jina la Singida halikuwa miongoni mwa yaliyotajwa sana. Mkoa huu umekaa katikati ya nchi, juu ya uwanda wa mawe makubwa ya matale, na mvua yake ni ya kuhesabu. Maji ya maziwa yake mawili yaliyo kando ya mji, Singidani na Kindai, ni ya chumvi. Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu ni wenyeji wake, na kusini, upande wa Manyoni, Wagogo ni jirani wa mlango mmoja nao. Njia ya kwenda Nzega na Tabora hupita hapa, na njia ya kwenda Dodoma hupita hapa vile vile. Mahali pa kupitia husikia mengi, ingawa aghalabu husahauliwa na waliopita.

Historia ya Singida ina mifano miwili ya hali hiyo. Dhahabu iligunduliwa Sekenke, katika nchi ya Iramba, wakati wa utawala wa Wajerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipowazingira, Wajerumani waliichukua dhahabu hiyo wakaifanya sarafu za rupia 15 katika mwaka 1916. Sarafu hizo zilipigwa mhuri Tabora, na mpaka leo watafutao vitu vya kale huziita sarafu za Tabora. Udongo uliozaa haukutajwa. Mji uliopiga mhuri ndio uliopata jina. Mfano wa pili ni wa reli. Katika miaka ya 1930 njia ya reli ilijengwa kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri. Katika miaka ya 1940 iling'olewa, na vyuma vyake vikapelekwa kusini kwa kazi ya mpango wa karanga, mpango ulioshindwa vibaya. Ilipita miaka mingi kabla ya gari moshi kusikika tena Singida. Basi watu wa hapa walijua mapema kwamba kitu kinaweza kutoka kwao kikaitwa cha wengine, na kwamba kilicholetwa kinaweza kuondolewa.

Jazi ilikuja kwa njia isiyong'olewa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza katika mwaka 1951 kwa mtambo mdogo, na baadaye sauti yake ikapewa nguvu ya kufika bara. Redio moja katika duka au katika nyumba ya mwalimu ilitosha kitongoji kizima. Watu walikaa nje wakasikiliza gitaa, na kwa mara ya kwanza mtu wa Singida na mtu wa Pwani walisikia wimbo mmoja katika saa moja.

Wimbo huo uliitwa jazi, na neno hili limewatatiza wengi. Wanaojua muziki wa Marekani husema kwamba jina lilikosewa, kwa kuwa uliopigwa haukuwa muziki wa New Orleans wala wa Chicago. Usemi huo ni kweli kwa nusu. Sauti iliyoigwa na vijana wa Tanganyika ilitoka zaidi katika santuri za Kuba, zile zilizojulikana kwa herufi GV, ambazo zilianza kuuzwa katika miaka ya 1930. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyeanza kikundi chake katika mwaka 1948, hakuficha mapenzi yake, na bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Lakini nusu ya pili ya kweli ni hii: jazi ya Marekani ilizaliwa na tarumbeta za gwaride, nyimbo za kanisa na vilio vya watu wa kazi ngumu. Jazi ya Tanganyika nayo ilitanguliwa na beni, ngoma ya tarumbeta na saluti iliyoenezwa na askari na wapagazi wa vita mpaka bara. Ilipata sauti za kwaya katika misheni na mahadhi ya kasida katika madrasa, na watu wake wengi walikuwa watu wa kazi. Jina lilikuwa la kuazima, lakini uzazi ulifanana.

Dar es Salaam Jazz Band, iliyoundwa katika mwaka 1932, ilikuwa miongoni mwa wakubwa wa ukoo huu. Hata hivyo, kwa mtu anayesikiliza kutoka Singida, bendi yenye fundisho kubwa zaidi ni Western Jazz. Iliundwa Dar es Salaam katika mwaka 1959, na mwanzilishi wake alikuwa Iddi Nhende. Waanzilishi wengi walitoka katika Jimbo la Magharibi, nchi ya Tabora na Nzega, ambayo ni jirani ya Singida ng'ambo ya mteremko wa Sekenke. Waliishi mji wa Pwani, wakajiita kwa jina la bara. Vijana walio mbali na kwao hufanya hivyo: hukusanyika kwa sababu ya lafudhi moja, huchangiana msiba na harusi, na siku moja mmoja wao hununua gitaa. Rashid Hanzuruni, aliyekuwa mpigaji wa gitaa la solo, aliipa bendi hiyo sifa ambayo bendi nyingine ziliihusudu, na mtindo wao ukaitwa saboso.

Kisha likatokea jambo ambalo halikukusudiwa na mtu. Katika mwaka 1963 majimbo ya zamani yalivunjwa ikaundwa mikoa. Jimbo la Kati lilitoa Dodoma na Singida. Jimbo la Magharibi likafutika katika ramani. Bendi ilibaki na jina la nchi isiyokuwapo. Haikulibadili. Iliendelea kupiga katika miaka ya 1970, na katika mwaka 2012 kampuni ya Sterns ya London ilizitoa upya baadhi ya nyimbo zake za miaka hiyo. Leo jina la Jimbo la Magharibi huenda linatajwa zaidi na wapenzi wa gitaa kuliko wanafunzi wa jiografia. Serikali iliunda jimbo ikalivunja. Wapigaji walichukua jina lake wakalihifadhi.

Tanga ilitoa fundisho lililo kinyume cha hilo. Mashamba ya katani ya huko yalijaa manamba, vijana walioandikwa kazi kutoka bara, wakiwamo wengi wa majimbo ya Kati na Magharibi. Katika mwaka 1955 ilizaliwa huko bendi iliyoitwa Young Nyamwezi. Kabila lilikuwa ndilo kiingilio cha jina. Baada ya uhuru bendi hiyo ilijiita Jamhuri Jazz. Mtu anaweza kusema kwamba hilo lilikuwa badiliko la rangi juu ya ngoma tu. Si hivyo. Kijana wa Kinyiramba aliyekata katani mchana kutwa angeweza kuipenda bendi ya Wanyamwezi kama mgeni apendavyo shughuli ya jirani. Bendi ya Jamhuri aliweza kuipenda kama mwenyeji, kwa sababu alikuwamo katika jina lake.

Asili za wapigaji wenyewe zilikuwa za namna nyingi kuliko majina yote hayo. Muhidini Maalim Gurumo alitoka Kisarawe. Kabla ya kuingia Nuta Jazz katika mwaka 1964 alipita Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, na alidumu katika muziki karibu mpaka kufa kwake katika mwaka 2014. Patrick Balisidya alizaliwa Mvumi, Dodoma, katika nchi ya Wagogo wanaosifika kwa zeze na kwa kupandanisha sauti. Alipokwenda Dar es Salaam aliunda Afro 70, na bendi hiyo ikaiwakilisha Tanzania katika tamasha kubwa la sanaa la Lagos katika mwaka 1977. Tabora nayo ilikuwa na Salum Zahoro na Kiko Kids wake, na Shem Karenga, mtunzi wa Dada Asha, alikuwa nguzo ya Tabora Jazz. Ukiwaweka watu hawa katika chumba kimoja ukawauliza kwao, utapata majibu mengi. Ukiwapa magitaa, tumba na manyanga, hutaweza kuyatenga majibu hayo.

Hapa ndipo palipo na thamani ya bendi. Gitaa la solo halisikiki vema bila la kati, nalo la kati hupotea bila besi, na besi bila tumba ni mtu anayesema peke yake. Hapana ambaye huambiwa asahau alikotoka. Huambiwa asikilize alipo mwenzake. Watu wa siasa walihubiri umoja katika mikutano ya mchana. Bendi ziliufanya kazi usiku, na mtu aliyekosea alijulikana papo hapo kwa masikio.

Walakini ingekuwa dhuluma kusifu ushirikiano huo bila kutaja bei yake. Aghalabu magitaa, vipaza sauti na jina la bendi havikuwa mali ya wapigaji. Vilikuwa mali ya klabu, ya tajiri au ya chama. Nuta Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na mshahara wa mwezi ulikuwa heshima kwa watu ambao wazazi wengi waliwaita wahuni. Lakini mpigaji alipoondoka, aliondoka mikono mitupu. Wimbo alioutunga ulibaki na bendi. Sahani ya santuri ilibeba jina la bendi kwa herufi kubwa, na Nairobi ilikokwenda kurekodiwa ilikuwa mbali na macho ya mtunzi. Mbaraka Mwinshehe, aliyelifanya jina la Morogoro Jazz lijulikane mpaka Osaka katika maonyesho ya mwaka 1970, alijitoa katika mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa katika mwaka 1979, naye alikuwa na umri wa miaka 34 tu. Wimbo wake ungali unapigwa harusini. Wanaoucheza wote hawamjui.

Basi dhahabu ya Sekenke yarudi akilini. Mhuri husomwa, mchimbaji hasomwi. Hata hivyo kuna tofauti moja kati ya sarafu na wimbo. Sarafu ikitoka Singida imetoka. Wimbo ukitoka Nzega, Mvumi au Kisarawe ukafika Singida kwa redio, haupungui kule ulikotoka, na hapa ulipofika hukua. Msichana anayeumenya mtama huku akiimba sauti ya pili ya bendi asiyopata kuiona ameingia katika bendi hiyo bila ya kuandikwa. Kijana anayetengeneza gitaa kwa debe na nyuzi za breki ya baiskeli, akatafuta saboso kwa vidole vinavyouma, amekwisha kuwa mwanafunzi wa Hanzuruni, ingawa mwalimu hamjui.

Kwa hiyo swali la kwao halina budi kuulizwa kwa jazi mara mbili. Mara ya kwanza huulizwa kwa ajili ya haki, ili mtunzi ajulikane kwa jina, kwa kijiji na kwa ujira wake, wala asifichwe nyuma ya rangi ya ngoma. Mara ya pili huulizwa kwa ajili ya wasikilizaji, na hapo jibu ni pana. Kwao jazi ni popote ilipokaribishwa. Singida haikutoa jina lake kwa bendi hizo mashuhuri, wala haikuwa na reli ya kuzileta. Ilitoa masikio, na masikio hayo yameweka amana ambayo bendi nyingi zilizokuwa na majina makubwa hazikuweza kujiwekea zenyewe.